Put Up With kwa Mujibu wa Mjomba

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia kifua. Sisi huku hatujambo. Bibi ni mzima isipokuwa miguu, ambayo asubuhi inaingia kwenye viatu na jioni haiingii hata kwenye kandambili. Masikio yake bado makali, ukitaka kumsengenya nenda mtaa wa tatu. Mlango wa mbele ni ule ule, hataki utiwe komeo, na nikiutia anaamka kuufungua. Juzi nimemkuta paka wa jirani amelala kwenye kapu langu la nguo safi. Bibi anasema nimwache, hakuvunja dirisha, kaingia mlangoni kama watu.

Mimi bado niko kule hotelini, chini kabisa, chumba cha kufulia. Mashuka zaidi ya mia kwa siku, na mvuke mpaka kucha zinalainika. Lakini mapokezi kuna nafasi, nami nimechoka kuwajua wageni kwa madoa yao. Nilifanya mtihani wa Kiingereza. Nilijibu kila kitu ila ukurasa wa mwisho, ule wa vitenzi vinavyotembea na vijineno nyuma yao. Give up nilikijua, look after nilikijua. Nilipofika put up with nikaganda. Put nakijua, up nakijua, with nakijua. Vikikaa pamoja sivielewi, kama watu wa familia yetu.

Meneja amenipa nafasi ya pili mwezi wa Mei. Wewe umefundisha Kiingereza miaka thelathini na mbili. Naomba unieleze kitenzi hicho maana yake na matumizi yake, pamoja na mifano. Ningekupigia, lakini simu najua hupokei.

Bibi anasema uje umwone mama yako. Kila nikishika kalamu anasema hilo tu.

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, nami nipo, na redio ya jirani ipo. Simu sipokei kwa sababu maneno ya simu hayasahihishiki. Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Usishtuke kwa wingi wa wino mwekundu, wanafunzi walikuwa wakiniita Mzee Damu na sikuwahi kuwakataza. Umepata nne kwa kumi. Moja kati ya hizo ni ya mwandiko, ambao umeurithi kwa marehemu mama yako. Dada yangu alikuwa na mwandiko mzuri na moyo mzuri. Ndiye mtu pekee wa nyumba ile ninayemkumbuka bila kukunja uso.

Sasa somo. Put up with ni kuvumilia, lakini usiandike hivyo ukadhani umemaliza. Kiswahili kimelipamba mno neno vumilia. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, kana kwamba ukinyamaza vya kutosha mtu atakuletea sinia la matunda. Put up with haina matunda. Ni kukaa na kero kwa sababu huna pa kuipeleka, au umechoka kugombana nayo. Hakuna sifa ndani yake wala thawabu. Haitumiki kwenye misiba mikubwa. Inatumika kwa kelele, harufu, tabia mbaya na jamaa. Vijineno vyake havitenganishwi, na kile kinachokukera hukaa mwisho, baada ya with.

Mifano, nawe utaigeuza kwa Kiingereza. Navumilia redio ya jirani. Walimu huvumilia wajinga mpaka siku ya kustaafu. Bibi anamvumilia mjukuu wake kwa kuwa hana mwingine wa kumwosha miguu. Mama mmoja hakuweza kumvumilia mwanawe hata miaka kumi.

Kuhusu kuja, sina nafasi. Nasahihisha mitihani ya shule tatu.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumeipata barua na damu yake. Bibi kusoma hajui lakini rangi anaiona, akaniuliza mbona karatasi imeiva hivyo. Nikamwambia ndiyo kalamu wanayopewa walimu hodari. Akafurahi, akaitaka karatasi aishike. Aliishika mpaka chai ikapoa.

Kule kufulia somo lako limepokelewa vizuri kuliko ulivyotarajia. Kuna mama mmoja wa kupiga pasi, sasa kila mashine ikigoma anasema put up with, put up with, na msimamizi akipita anasema huku akimkazia macho. Mimi nimetunga sentensi zangu tatu. Wafuaji wanavumilia mvuke. Bibi anamvumilia paka. Mimi navumilia wino mwekundu. Zote nimeziandika kwa Kiingereza nyuma ya karatasi hii.

Kwenye fomu ya kazi wametaka jina la mtu mwenye elimu anayenifahamu. Nimeandika lako. Meneja atakuandikia. Tafadhali mjibu mapema.

Sasa lililonikaa moyoni. Daktari amesema maji yale ya miguuni yanapanda, na moyo wa Bibi umechoka kuyasukuma. Mifano yako sikumsomea yote, mingine niliiruka, maana nilijua umemlenga nani. Siku ya mazishi ya mama ulisimama uani chini ya jua mpaka watu wakatawanyika, na mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ndani amekaa akiutazama mlango. Hukuingia, na hukuwahi kuniambia kwa nini. Basi njoo, Mjomba. Hata kwa siku moja.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Hali yangu ni ile ile na jirani amenunua spika. Sita kwa kumi. Sentensi ya kwanza sahihi. Ya tatu sahihi, na nimekuelewa. Ya pili umekosea vibaya. Bibi yako, kwa maelezo yako mwenyewe, anampenda paka huyo, na mtu havumilii anachokipenda. Put up with huanza pale mapenzi yasipokuwepo. Nimefurahi kusikia kwamba paka angalau anapendwa katika nyumba hiyo.

Usiruke maneno yangu. Msomee kila neno. Amezoea kusomewa.

Umeuliza kwa nini sikuingia. Nitasema mara moja kisha tusirudi hapo. Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa mji mwingine kuishi kwa mwalimu fulani ili nisome. Ndivyo ilivyosemwa. Nilivyoishi humo hakukuhusu. Niliandika nyumbani barua sita. Nikajibiwa moja tu, nayo ilikuwa na neno moja katikati ya karatasi. Vumilia. Mwandiko ulikuwa wa dada yangu, kwa sababu mama hakujua kuandika, lakini neno lilikuwa la mama. Dada yangu, maskini, binti wa miaka kumi na mitatu, aliandika alichoambiwa aandike. Naona alilia huku akiandika, maana herufi ya mwisho ilikuwa imelowa. Yeye nilimsamehe siku ile ile. Barua ya saba sikuandika.

Kwa hiyo usinifundishe habari za milango.

Meneja wako akiandika, nitamjibu. Mimi huandika ukweli tu.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekawia, najua. Nilikuwa nasubiri hasira ipoe ili nikuandikie kwa adabu, imekataa kupoa.

Usaili ulikuwa Mei ishirini. Nilivaa sketi ya marehemu mama. Meneja aliniuliza mgeni akilalamikia kelele nimjibu nini, nikamjibu kwa Kiingereza, na put up with nikaiweka mahali pake, vijineno havikutengana, kero ikakaa mwisho. Alitabasamu. Kisha akafungua droo akatoa barua yako, akanisomea. Uliandika kwamba mpwa wako ana bidii, kwamba Kiingereza chake ni cha chumba cha kufulia, na kwamba wakimpandisha mapokezi itabidi wamvumilie. Uliiandika kwa kitenzi chetu, Mjomba. Sikuhitaji kutafsiriwa. Mwalimu mzuri wewe.

Nimerudi chini kwenye mashuka. Yule mama wa kupiga pasi alinisogezea stuli.

Bibi hatoki tena kitandani. Analala amekaa, mito mitatu mgongoni, la sivyo pumzi inamkata. Jumapili aliniomba nimtolee kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani yake kuna barua zako sita. Amezitunza zote, zimefungwa kwa uzi wa kitambaa. Akataka nimsomee. Nimezisoma.

Kuna jambo nimelijua kutokana na barua hizo ambalo wewe hulijui. Sitaliandika hapa. Ukija nitakuambia mbele yake, naye atakuambia kwa kinywa chake. Usipokuja sitakuambia. Na ukija, njoo haraka, daktari haongei tena habari za miezi.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Uandishi wako umeendelea, nimekupa saba. Ungepata nane kama usingejaribu kunivuta kwa chambo kama samaki.

Meneja aliniomba maoni, hakuniomba zawadi. Ningekusifu uongo ungeaibika mapokezi mbele ya wageni, na aibu hiyo ingebeba jina langu. Hasira yako itaisha. Yangu nimekaa nayo miaka hamsini na moja na haijanizuia kula.

Barua zile sita nazijua, mimi ndiye niliyeziandika. Hakuna kipya cha kuniambia juu yake. Kwamba alizitunza hainigusi. Alizitunza kwenye kopo, mimi nilitaka aje. Sasa yeye ndiye anayetaka mtu aje. La kuvunda halina ubani.

Usiniandikie tena habari za miguu na mito. Akifa, niandikie.

Mjomba wako


9 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Uliniagiza nikuandikie akifa. Bibi alifariki tarehe kumi na tisa Septemba, asubuhi, nikimgeuzia mto. Tumemzika siku ya pili yake. Majirani walijaa mpaka barabarani na mlango haukuwa na kazi ya kufunguliwa, ulikuwa wazi kama kawaida yake.

Sasa nitakuambia lile jambo, kwa kuwa haliwezi tena kukusaidia kitu.

Siku ile nilipofungua kopo, nilisoma ya kwanza kimyakimya. Imeandikwa kwa penseli, mistari inapanda kilima. Mama, njoo unichukue. Nalala stoo ya chaki. Mwalimu ananipiga kwa waya wa pasi. Nimejifunza kuandika haraka ili nikuandikie hili. Nikaiweka pajani, nikashika ya pili. Bibi akacheka, akaniambia hiyo yenye doa la chai haina haja ya kusomwa, anaijua kwa moyo. Akaanza kuikariri. Mama, mimi ni mzima. Nimenunuliwa viatu vyeusi. Nalala kwenye kitanda cha peke yangu. Mama, usije, ukija nitalia na masomo yataharibika.

Alizikariri zote sita namna hiyo. Viatu, kitanda, nyama kila Jumapili, usije. Ndivyo alivyosomewa na binti yake wa miaka kumi na mitatu, msomaji pekee wa nyumba ile. Nikamwuliza, na wewe Bibi ulimjibu nini? Akasema alimwambia mama yangu aandike hivi: mwanangu, siku ukichoka rudi, hata kwa miguu, hata bila kuaga, mlango wetu sitautia komeo. Mama yangu akachukua kalamu, akaandika neno ulilolipata wewe.

Kwa nini, sijui. Labda alimwonea Bibi huruma. Labda aliutaka mlango ule uwe wake peke yake. Unasema herufi ya mwisho ililowa. Nami naijua nyumba hii, karatasi hulowa mezani hapa kwa kikombe cha chai pia. Nimekwenda mpaka kaburini kumwuliza.

Bibi sikumwambia. Nilizifunga barua kwa uzi wake nikasema ndiyo Bibi, viatu vyeusi. Na si hizo tu. Uliniamuru nimsomee kila neno lako, na tangu Februari hakuna hata moja lililomfikia. Nilikaa naye, nikaishika karatasi yako nyekundu mbele ya macho, nikatunga. Nilimtungia mwana. Alikuwa akiyarudia maneno hayo peke yake nikiwa jikoni, taratibu, na asubuhi ile ya mwisho aliyarudia pia. Alikufa anajua kwamba unampenda na kwamba kilichokuzuia ni mitihani.

Ningeweza kukuandikia haya Juni. Ungekuja, nina hakika ungekuja mbio, na ungemkuta. Siku mia moja na kitu nilikaa nayo. Kwanza nilijiambia namlinda mama yangu, kwa kuwa hapa duniani hakuna aliyebaki wa kumsifu isipokuwa wewe. Hiyo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka uumie. Mapokezi kuna binti mwingine sasa, kila asubuhi ninapita mbele yake nimebeba kapu.

Nimekuwekea ya kwanza, yenye doa la chai. Tano zilizobaki nimemzika nazo.

Na hii ndiyo sentensi yangu ya mwisho, isahihishe ukipenda. She did not put up with you. Bibi hakukuvumilia hata siku moja, Mjomba. Ulinifundisha mwenyewe, mtu havumilii anachokipenda.

Mpwa wako


30 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako siirudishi. Haina kosa. Nimelitafuta kwa wiki saba.

Redio ya jirani imeharibika. Jana nimekwenda kumgongea mlango nikamwomba aitengeneze. Alidhani namdhihaki, mpaka nikalia mbele yake, mzee mzima nimeshika kitasa cha mlango wa watu. Nililala stoo ya chaki miaka minne nikiisikilizia njia, na mama yangu alikuwa ananisubiri niipite hiyo njia. Sijui niweke wapi jambo hili. Dada yangu nimemtafuta moyoni nimtukane, namkuta bado ana miaka kumi na mitatu.

Ulilofanya Juni silisemi. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Nina ombi moja. Yale maneno uliyomsomea kama yangu, niandikie. Yote, tangu Februari, kama unavyoyakumbuka. Nina miaka sitini na sijui nilimwambia nini mama yangu. Nataka niyasome kwa sauti. Nataka niyajue kwa moyo kama yeye alivyoyajua. Kalamu nyekundu nimezitupa, kwa hiyo usiogope kukosea.

Tafadhali.

Mjomba wako


17 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi sijambo, bado niko kwenye mashuka. Yule mama wa kupiga pasi anakusalimu. Paka wa jirani haji tena, kwa sababu mlango sasa nautia komeo.

Ombi lako nimelisoma mara tatu na nimelielewa. Maneno nayakumbuka yote.

Vumilia.

Mpwa wako